Hifadhidata ya wagonjwa na dirisha jeusi: tulifunge?

Wakuu, salaam.

Kazini kwetu wanataka kupitisha kwamba fundi yeyote asiingie tena hifadhidata ya wagonjwa kwa terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kila kitu kipitie mfumo wenye vitufe. Mimi napinga, na nimeshawahi kuharibu humo humo.

Usiku mmoja niliandika `mysql -u root -p` (kuingia MySQL, programu ya hifadhidata yetu, kwa root, akaunti yenye mamlaka yote), nikaweka nywila tuliyokuwa tukiitumia mafundi wote wanne, nirekebishe kundi la damu la mgonjwa mmoja. Nikaandika `UPDATE wagonjwa SET kundi_damu='O+';` nikabonyeza Enter. WHERE, sehemu inayotaja ni mgonjwa yupi, nimeisahau. Jibu likaja: `Query OK, 4318 rows affected`, yaani rekodi 4318 zimebadilika. Mikono iliniganda. MySQL isipoambiwa vingine huhifadhi badiliko papo hapo, kwa hiyo ROLLBACK, amri ya kutengua, haikufua dafu. Tulirudisha nakala ya usiku wa jana yake, na kazi ya mchana mzima manesi wakaiingiza upya kutoka kwenye mafaili.

Dirisha lilikuwa na kosa gani? Ningeanza na START TRANSACTION, inayosubirisha badiliko hadi ulithibitishe, ningeiona ile 4318 nikaghairi. Ningeingia kwa `--safe-updates`, UPDATE isiyo na WHERE ingegomewa.

Jibu la 1

Pole mkuu, ila umejijibu. Mtu akichoka husahau hata hizo kinga. GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, Januari 31, 2017, fundi alidhani yuko seva moja kumbe yuko nyingine, akafuta saraka ya data. Katika GB 300 hivi zikabaki 4.5, na data ya saa sita hivi ikapotea. Hao ni wazoefu. Halafu hapa ni afya za watu, na sheria yetu Tanzania ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi inaziita taarifa nyeti. Fungeni.

Mleta mada

Nakuelewa, na unyeti huo ndio unaoninyima usingizi. Lakini mfumo wa vitufe ukikwama saa nane usiku, utafunguliwa kwa njia gani? Kwa dirisha hilo hilo. Mkilipiga marufuku, watu wataingia kwa kujificha, nywila wakiiandika ndani ya amri yenyewe, ibaki kwenye `.bash_history`, faili linalotunza amri zilizoandikwa, asome yeyote atakayeikamata akaunti hiyo.

Bora kila fundi awe na akaunti yake, ya kusoma tu. Ya kuandika ifunguliwe kwa kazi maalumu, wawili wakitazama skrini moja, na root asiishike mtu kwa kazi za kila siku.

Waliofunga kabisa, mfumo ukilala mnauamshaje?