Naomba ushauri: 3 Body Problem inatoka tarehe 21, tuamini wahakiki wa kwanza au tungoje?

Mwana_Kampemba (Lubumbashi, 14 Machi 2024)

Jambo wandugu. Seri mpya ya Netflix, 3 Body Problem, iliyotokana na kitabu cha hadithi za kisayansi cha China, inatoka Alhamisi tarehe 21 Machi, sehemu zote nane kwa mpigo. Tuko watu sita, tunataka kuchanga mega (bando la intaneti) na kuiangalia pamoja sebuleni kwa mwenzetu, komini ya Kampemba, Jumamosi tarehe 23 na Jumapili. Lakini tangu ilipoonyeshwa kwenye tamasha la SXSW kule Austin tarehe 8, maoni yanagongana. Huyu anasema ni kazi kubwa, yule anasema wahusika hawana uzito na sayansi imepunguzwa.

Naomba mnisaidie:
– Maoni haya ya mapema tuyasome vipi?
– Tuchange mega ngapi?
– Wawili kati yetu wanasikia Kifaransa tu, na kitabu hakuna aliyekisoma. Tutapotea?
– Delestaji (mgao wa umeme) ya SNEL, kampuni ya umeme ya hapa kwetu, ikitukuta katikati, tufanye nini? Tuna televisheni ya inchi 43 na betri moja ya 12V, 100Ah.

Msomaji_wa_Nyota

Kaka, anza kwa kutenganisha aina mbili za maoni, maana watu wanazichanganya. Kelele za tamasha huandikwa usiku uleule, na watu waliokaa ukumbini na waigizaji wenyewe, mara nyingi baada ya kuona mwanzo tu. Hizo zinakuambia ukumbi ulikuwa na joto kiasi gani, basi. Uhakiki kamili ni kitu kingine: mwandishi hutumiwa sehemu mapema na kuahidi kunyamaza mpaka siku iliyopangwa. Tafuta mstari unaosema ameona sehemu ngapi, kwa kawaida uko mwanzoni au mwishoni kabisa. Aliyeona mbili kati ya nane anaweza kukuambia juu ya picha, uigizaji na mwendo. Hawezi kukuambia kama hadithi inafika mahali.

Sasa namba. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya uhakiki, si maksi. Ni hesabu ya wahakiki wangapi walisema ndiyo. Wahakiki kumi wote wakitoa 6 juu ya 10, asilimia inapanda mpaka 100. Watano wakitoa 10 na watano wakitoa 4, wastani wao ni 7, lakini asilimia inaanguka mpaka 50. Tamthilia inayogawanya watu huonekana mbaya pale kuliko ile ya wastani isiyomkera mtu. Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, wanachukua wastani, na baadhi ya magazeti wanayapa uzito zaidi. Fungua zote mbili: asilimia ikiwa juu na wastani ukiwa karibu na 65, maana yake watu wameridhika bila kupenda sana.

Tena uliza mhakiki analalamikia nini. Kwa 3 Body Problem hili ni la lazima. Kitabu cha Liu Cixin kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015, kwa hiyo nusu ya maoni utakayosoma ni ya wasomaji wanaopima umbali kati ya kitabu na skrini. Shujaa wa kitabuni, mtafiti mmoja wa Beijing, amegawanywa kuwa marafiki watano waliosoma Oxford, na mambo mengi yamehamishiwa London. Ukisoma «wameharibu», angalia kama anazungumzia jambo hilo. Ninyi ambao hamjasoma kitabu halitawagusa hata kidogo. Lakini lawama inayorudiwa na waliosoma na wasiosoma, mfano kwamba mazungumzo ya wale marafiki watano ni mepesi, ichukueni kwa uzito.

Usiniambie

Mimi napinga. Seri hii inategemea kutojua. Kila uhakiki, hata ule wa uangalifu, unakuonyesha mlango uliko. Chukueni jambo moja tu, kwamba waliotengeneza ni David Benioff, D.B. Weiss (hawa wawili ndio wa Game of Thrones) na Alexander Woo, amueni kwa hilo, kisha fungeni simu.

Msomaji_wa_Nyota

@Usiniambie Yaya, nakuelewa, lakini wanachanga pesa, wana haki ya kujua. Njia ya katikati ipo: soma aya ya kwanza na ya mwisho ya uhakiki, ruka katikati. Muhtasari wa hadithi hukaa katikati, hukumu hukaa pembeni.

Mega_Kidogo

Hesabu ya mega. Sehemu nane za karibu saa moja moja, tuseme saa saba na kidogo. Kwa vipimo vya Netflix wenyewe, ubora wa chini hula kama GB 0.3 kwa saa, wa kati 0.7, na wa juu (HD) mpaka GB 3. Kwa hiyo:
– chini: GB 2 na kitu
– kati: GB 5 na kitu
– HD: zaidi ya GB 20

Kwa inchi 43 na watu waliokaa mita mbili na nusu, chukueni wa kati. Wa chini msijaribu. Picha za giza zinakatika vipande vipande, na seri hii, kwa trela zake, ina usiku mwingi na anga nyingi. Nunueni GB 7, maana kuna zinazopotea njiani.

Zinapotelea wapi? Mpangilio wa ubora hauko kwenye televisheni. Ingieni kwenye akaunti kwa kivinjari cha simu, chagueni profaili, halafu mipangilio ya uchezaji, wekeni wa kati, na zimeni video za matangazo zinazojianzisha. Kisha kwenye televisheni tokeni kwenye akaunti na kuingia tena, la sivyo mpangilio wa zamani unaweza kuendelea kwa saa kadhaa na GB zinaisha kabla ya sehemu ya tatu. Zimeni pia masasisho ya televisheni na ya kila simu iliyoshikwa kwenye hotspoti yenu. Simu moja ikianza kupakia picha zake, saa nzima ya seri imekwenda.

Kuna anayefikiria kupakua usiku kwenye simu halafu kurusha kwenye televisheni. Haiendi: kilichopakuliwa hakirushwi. Kinahitaji waya, na simu nyingi za bei ndogo hazitoi picha kwa tundu la USB-C. Tableti au simu ya bei ya juu inaweza, lakini jaribuni Ijumaa, si Jumamosi watu wameshakaa.

Kifaransa: sauti ipo na maandishi yapo. Kama mtapakua, wekeni lugha ya profaili Kifaransa KABLA ya kupakua, halafu zimeni intaneti na kuangalia dakika moja. Lugha ambayo haikushuka pamoja na faili hamtaipata bila mega.

Inafunguka saa sita usiku ya Los Angeles, yaani saa tatu asubuhi ya hapa, siku ya Alhamisi.

Mwalimu_Fizikia

Kuhusu kupotea: mnahitaji vitu viwili tu kichwani, na hakuna kinachoharibu hadithi.

Cha kwanza ni hilo jina. Vitu viwili vinavyovutana angani, Newton alivipatia hesabu kamili. Ongeza cha tatu, na hakuna fomula moja inayokupa mahali pa kila kimoja kwa wakati wote ujao. Mwanahisabati Mfaransa, Poincaré, alilionyesha hilo mwishoni mwa miaka ya 1880. Tofauti ndogo sana mwanzoni inakua mpaka utabiri unavunjika. Dunia yenye jua tatu za namna hiyo haiwezi kutengeneza kalenda. Mkishika hilo, zile picha za kofia ya mchezo, ambayo wahusika huivaa ili kuingia katika mchezo wa kompyuta, zitaeleweka bila mtu kusimamisha picha na kueleza.

Cha pili ni China ya mwaka 1966. Hadithi inaanzia kwenye Mapinduzi ya Utamaduni, wakati walimu wa vyuo walipokuwa wakishtakiwa mbele ya umati na wanafunzi wao. Bila hilo, uamuzi wa Ye Wenjie, mwanafizikia ambaye kila kitu kinamzunguka, utaonekana wa ghafla.

Na kwa wanaopenda: kitabuni dunia hiyo ya jua tatu iko Alfa Kentauri, kundi la nyota tatu lililo karibu miaka minne ya mwanga kutoka kwetu, na sisi wa Lubumbashi tunaiona kwa macho. Mwisho wa Machi, kuanzia saa nne usiku kama mvua imeacha, tazameni kusini-mashariki. Tafuteni Msalaba wa Kusini. Nyota mbili kali zilizo chini yake, ile ya chini zaidi ndiyo yenyewe. Nyota halisi zimetulia, lakini: zile mbili kubwa, A na B, huzungukana kwa karibu miaka 80, na ya tatu, Proxima, iko mbali mno kuzivuruga. Fujo ya jua tatu ni ya mwandishi.

Fundi_Kamalondo

Umeme. Televisheni ya LED ya inchi 43 inakula wati 70 mpaka 100. Ongeza bafle (spika ya nje) na simu ya hotspoti, wekeni 130 kwa jumla. Betri yenu ya 12V, 100Ah ni wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya asidi, tumieni nusu, 600, msiiue. Konvertiseri, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba, inakula kama asilimia 15, inabaki 510. Gawanya kwa 130: karibu saa nne, kama betri ni mpya. Pangeni sehemu tatu, si nne.

Konvertiseri ikianza kulia «pii pii» na betri bado imejaa, mara nyingi kosa ni nyaya. Wati 130 kwenye 12V ni karibu ampea 11. Waya mwembamba wa mita tatu unashusha volti na konvertiseri inadhani betri imeisha. Tumieni waya wa milimita 6 za mraba, usiozidi mita moja na nusu, na vichwa vikazwe kwa ufunguo, visifungwe kwa vidole. Bafle likinguruma mkiwa kwenye betri na kunyamaza mkiwa kwenye SNEL, konvertiseri yenu si ya mawimbi safi. Haidhuru televisheni leo, ila mazungumzo ya chini hamtayasikia. Tumieni spika za televisheni yenyewe.

SNEL ikirudi, msirudishe televisheni palepale. Ngojeni dakika tano, umeme hurudi na kishindo. Stabilizateri (kifaa cha kutuliza volti) ikiwepo, vizuri zaidi.

MamaWaKatuba

Watoto wa nyumba hiyo walale kwanza. Dakika za mwanzo kabisa mtu anapigwa mpaka kufa mbele ya binti yake, na wahakiki wengi wameonya kwamba sehemu ya tano ni kali kuliko zote. Ni seri ya watu wazima. Na msilipishe kiingilio, hata franka kidogo «za mega». Netflix inaruhusu matumizi ya nyumbani tu. Kuchangia kati yenu ni sawa, kuuza viti si sawa.

Mwana_Kampemba

Asanteni sana wakubwa. Mpangilio umebadilika, tumesogeza kwa juma moja: sehemu tatu Jumamosi jioni, tatu Jumapili mchana, mbili za mwisho juma linalofuata. Kuna mahali pazuri zaidi pa kukata?

Msomaji_wa_Nyota (26 Machi 2024)

Sasa iko nje, najibu bila kufichua. Msikate baada ya sehemu ya nne. Ya nne na ya tano ni mwili mmoja. Mkilala katikati, uzito wa ya tano unapungua. Kateni baada ya mbili, ili Jumapili muangalie ya tatu, ya nne na ya tano mfululizo, bado ndani ya betri ya Fundi. Tatu za mwisho zibaki kwa juma linalofuata. Zina mwendo wa polepole na msiba mwingi, na zimechukua mambo ya kitabu cha pili na cha tatu, ndiyo maana baadhi ya wahakiki waliona msimu unapoa baada ya kilele.

Kuhusu maoni ya mapema: lawama juu ya wale marafiki watano ina msingi, hasa sehemu mbili za kwanza, zinazowatambulisha kwa haraka mno. Sifa kwa Zine Tseng na Rosalind Chao, wanaomwigiza Ye Wenjie kijana na mzee, ni za haki kabisa, na Benedict Wong kama mpelelezi anabeba kila chumba anachoingia. Kwa hiyo msihukumu Jumamosi usiku. Ngojeni ya tatu, ndipo mmoja wenu aandike hapa.

Mega_Kidogo (26 Machi 2024)

Na kwenye kikundi chenu cha WhatsApp andikeni namba ya sehemu kabla ya kila ujumbe. Aliyefika ya tano asitume sauti, maana sauti huwezi kuiruka kwa macho.