Tupeane uzoefu: "Huduma ya mjamzito ni bure", wewe ulilipia nini?

Mama Nasra
Jana nimemsindikiza mdogo wangu kliniki. Ukutani tangazo: mjamzito na mtoto chini ya miaka 5, bure. Mezani nesi anatuandikia karatasi: glavu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, makintoshi ile plastiki ya kutandika kitandani. Nikakumbuka yangu ya 2016, mume wangu anazunguka maduka ya dawa saa 9 usiku huku njia imeshafunguka sentimita 8. Nyie ilikuwaje?

Bi Tatu
Makintoshi! Yangu mpaka leo naanikia mpunga.

Mwananzengo
Sera ya Afya ya Tanzania ya 2007 imeandika msamaha wazi kabisa. Msinunue. Daini risiti.

Mama Mapacha
Uchungu umekushika halafu udai risiti? Mimba ya miezi 6 anza kununua kidogo kidogo, kaka.

Nesi wa Kijijini
Nipo peke yangu zahanati. Glavu zikiisha tarehe 15, nimzalishe mama kwa mikono mitupu? Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukakuta 104. Walioshusha ni hawa mnaowasema.

Mwananzengo
Hakuna aliyekutukana dada. Tunawasema wanaopokea hela mkononi.

Nesi wa Kijijini
Basi sema "wanaopokea", usitufunge kamba moja.

Dereva wa Noah
Mimi ni dereva jamii wa m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Mwaka juzi saa 8 usiku, mvua, napigiwa: mama kajifungua, kondo la nyuma limekwama, damu inatoka. Zahanati walishapiga 115, namba ya bure ya kituo cha simu cha m-mama. Nafika, nesi anapanda naye, mkono tumboni kwa mama njia nzima. Tunafika korongoni, maji yamejaa, gari halivuki. Nikampigia yule wa kituo cha simu, akaniambia usizime taa, natafuta gari ng'ambo. Zile dakika sitazisahau. Mama alikuwa anaomba maji, kisha akaacha kuomba. Nesi akawa anamwita jina, anamwita tu. Taa zilipotokea upande wa pili, wanaume sita tulimbeba kwenye kitanda cha kamba, maji kifuani. Hospitali walimwongezea chupa tatu za damu. Hela yangu ilikuja kwenye simu, mama hakudaiwa nauli. Siti niliifua siku mbili.

Bi Tatu
Nimelia. Mama alipona?

Mama Mapacha
Hiyo 115 wajawazito wote waiandike nyuma ya kadi ya kliniki, leo leo.

Mwananzengo
Na tuchange damu. Hizo chupa tatu kuna watu walizitoa.

Mama Nasra
Dereva, jibu basi. Mama na mtoto?

Dereva wa Noah
Wazima wote. Mtoto alivushwa kwenye koti la baba yake, hata hakulowa. Mama nilimkuta mnadani mwezi uliopita, anauza nyanya.