Tupeane uzoefu: uliyempeleka mgeni Soko Kuu la Iringa, ilikuwaje?

MtuWaKihesa: Kamwene wadau. Nimeona picha ya Soko Kuu, lile paa na akina mama wa vikapu, nikakumbuka mbali. Waliowahi kupeleka wageni pale, mwageni.

Binti_Kilolo: Usinikumbushe! Shangazi alikuja kutoka Tanga. Tukanunua matunda damu, vikapu vya nyasi za milulu na gunia la viazi. Lumbesa ile yenyewe, limejazwa kupita mdomo, juu kumeshonwa kamba kama wavu. Kijana wa mkokoteni akapakia, tukamfuata. Kwenye vitenge shangazi akasimama "mara moja tu". Kugeuka, kijana hayupo. Akapiga ukelele: "Mwiziii!" Mnalijua hilo neno likitamkwa sokoni. Wauza nyanya wakaacha matenga, mmoja kashika ubao. Namwambia shangazi nyamaza, hanisikii. Kumbe kijana katangulia kwenye gari, kakalia gunia anakula hindi la kuchoma. Wakamzunguka. Bibi mmoja wa ulezi akajitosa katikati akawafokea Kihehe, ndipo wakarudi nyuma. Hindi lilishamdondoka. Shangazi akamlipa mara tatu. Hakuhesabu, akasukuma mkokoteni akaenda zake.

MzeeUlanzi: Duh.

kipara_MBY: Viazi mngefuata Mbeya hayo yasingewapata.

MzeeUlanzi: Kwenu lumbesa hakuna? Acha hizo.

Mwl_Mstaafu: Turudi kwenye mada. Mgeni aanzie kwenye mnara wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, pale mbele ya polisi, ndiyo aingie sokoni.

DadaIpogolo: Shikamoo mwalimu. Ule ni wa waliokufa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mkwawa alishafariki 1898. Wa Mkwawa mpeleke makumbusho ya Kalenga, fuvu lake liko kule tangu lirudishwe kutoka Ujerumani 1954.

Mwl_Mstaafu: Marahaba. Nilimaanisha mapambano kwa ujumla.

DadaIpogolo: Sawa mwalimu 😂

njoo_tule: Nendeni asubuhi, mboga bado zina umande na bei iko chini.

MamaVitunguu: Nani kakudanganya? Asubuhi hatupunguzi hata mia. Njoo jioni, sado, kile kindoo cha kupimia, nakujazia mpaka inamwagika. Na picha ni baada ya kununua, siyo mtu anatumulika tu kama tuko maonyesho.

kipara_MBY: Na shangazi abaki nyumbani.

MtuWaKihesa: Binti, yule kijana ulishamwona tena?

Binti_Kilolo: Yupo. Nikimpa mzigo ananiambia, "Dada tangulia wewe, mimi nyuma."