Mjadala: Kijiji kinacholinda msitu ni mwenye mali au kibarua?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Tangu Sera ya Wanyamapori ya 1998 tunaambiwa kwamba misitu na wanyama vitapona hapa Tanzania endapo wananchi wanaoishi navyo watashirikishwa. Nakubali. Ninachouliza ni kwamba wanashirikishwa kama nani? Kama wenye mali, au kama vibarua wa ulinzi ambao hata posho hawaioni?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kuupinga asipate tabu ya kuutafuta. Msitu au wanyama wakiwa kwenye ardhi ya kijiji, kijiji kiamue matumizi, kikusanye mapato chenyewe, na kiwe na haki ya kujitoa kwenye mpango kikiona hakifaidiki. Yakikosekana hayo, neno "shirikishi" tulifute.

Nimekulia jirani na msitu wa hifadhi. Mahindi yakianza kubeba, baba alikuwa anahamia dunguni. Mchana zamu ilikuwa yetu watoto, kufukuza ngedere na nyani. Usiku ilikuwa ya wakubwa, na debe la kupiga, kuni za moto na tochi ambayo betri zake zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu kidogo. Tembo hafukuzwi na mtoto. Wakiingia wanne au watano, ekari mbili zimekwisha kabla ya alfajiri, na wasichokula wamekikanyaga. Asubuhi unakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye anakupeleka kwa mtendaji, mtendaji anaandika barua wilayani. Anayekuja kupima hasara anafika mabua yameshakauka na ng'ombe wameshapita. Na sisi tuliokuwa tunakesha tulikuwa tunasinzia darasani na kuchapwa kwa kusinzia.

Kisha kinakuja kifuta jasho, na hapa naomba tutulie kidogo. Serikali haikuyaita malipo haya fidia. Aliyeliwa mazao hupewa kifuta jasho, aliyefiwa hupewa kifuta machozi. Wengine wanasema ni majina tu, mimi sikubali. Fidia unaidai kwa sababu ni haki yako, lakini kifuta machozi unapewa na mwenye huruma, siku atakayoona inafaa. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa. Kwa mazao ziliweka kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, na kiasi kilitegemea umbali wa shamba kutoka hifadhini. Aliyelima ndani ya nusu kilometa kutoka mpaka hakustahili kitu. Najua hoja yake, kwamba watu wasivutike kulima mpakani. Lakini kuna familia ambazo mpaka ndio uliowafuata, wao walikuwepo kabla ya vigingi. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya wanyamapori ya 2013, waliandika fidia, tena shilingi za Kenya 5,000,000 kwa kifo. Malipo yao yanachelewa sana na malalamiko ni mengi. Hata hivyo mfiwa wa kule anasimama kama mdai, na hilo linabadilisha hata sauti anayozungumza nayo ofisini.

Hoja kubwa ninayoisikia kutoka kwa wanaopinga ni kwamba kijiji kikipewa madaraka, msitu utaisha ndani ya miaka miwili. Nawaomba waitazame Duru-Haitemba, kule Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa mbioni kuuchukua msitu ule uwe hifadhi yake. Wanavijiji waliposikia hivyo, wakaukimbilia kwa mashoka. Kila mmoja alitaka achukue chake kabla haujawa wa wengine, na mtu yeyote anayejua msiba wa kunyang'anywa ataelewa kwa nini. Ilipofika 1994 serikali ikageuza uamuzi na kuviachia vijiji viusimamie. Watu wale wale, kwa mikono ile ile, wakatunga sheria ndogo, wakazuia uchomaji mkaa, wakaweka walinzi wao wenyewe, na msitu ukaanza kurudi. Miti haikubadilika wala wananchi hawakubadilika. Kilichobadilika ni jibu la swali la msitu huu ni wa nani.

Kilwa nako ni vivyo hivyo. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi yake, kikatoza ushuru na faini, na fedha zikabaki kijijini. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa, kwa misitu yao ya mpingo, vikiwa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Huo ndio mpingo unaotengenezewa klarineti za Ulaya. Kabla ya hapo mpingo ulikuwa unaondoka na malori ya watu wengine, kijiji kikibaki na vumbi.

Sasa linganisha na msitu wa hifadhi wa serikali ulio chini ya usimamizi wa pamoja. Kijiji kinasaini makubaliano, vijana wanatembea doria kwa miguu, wengine bila hata buti, wanakamata magogo na misumeno. Mgawo wao katika kilichokamatwa? Kwa miaka mingi vijiji vililinda vyanzo vya maji ya miji mizima bila jibu la kueleweka.

Kwenye WMA, yaani maeneo ya wanyamapori ambayo vijiji kadhaa huyatenga kwenye ardhi yao na kuyasimamia kupitia jumuiya moja, hali ina sura nyingine. Kanuni zinataka angalau nusu ya kinachoingia kwenye jumuiya kigawiwe vijiji wanachama. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini fedha za utalii na uwindaji hukusanywa kwanza serikalini, ndipo mgawo wa jumuiya urudi, na ukirudi unagawanywa kwa vijiji vingi. WMA ya Burunge peke yake ina vijiji 10. Kijiji chenye hoteli na wanyama wengi kinapata sawa na kisicho navyo, na kijiji cha Minjingu kilipotaka kujitoa Burunge kikagundua kuwa mlango wa kutokea ni mwembamba kuliko ule wa kuingilia.

Siwatetei viongozi wa vijiji kama malaika. Nimeona kwa macho yangu mbao zikitoka usiku na kila mtu kitongojini akijua zimepita kwa baraka za nani. Ila mwenyekiti wetu yule tulimwangusha kwenye uchaguzi uliofuata. Afisa aliyetumwa kutoka mbali akifanya hivyo, mkutano mkuu wa kijiji hauna la kumfanya. Kwa hiyo mnaponiambia kijiji kinakula rushwa, nakubali, na bado nataka mamlaka yawe pale ambapo mwizi anafahamika kwa jina na nyumba anayolala.

Kuna ndugu watasema dawa ni miradi: mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya kuzunguka shamba kama inavyofanyika pembeni mwa Udzungwa, au ufugaji wa vipepeo kama wa msitu wa Arabuko-Sokoke kule pwani ya Kenya, ambako wanavijiji wanauza nje vipepeo wakiwa bado kwenye vifukofuko tangu miaka ya 1990. Mizuri, naiunga mkono, tembo anamwogopa nyuki kweli. Isije tu ikawa ndiyo pipi ya kutunyamazisha tusiulize habari ya umiliki.

Nawaachia nafasi wanaopinga. Hasa nawaomba mlioko kwenye vijiji vya WMA au kwenye kamati za maliasili mjibu hili: mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji ilikuwa lini, na fedha zilipopungua, aliyesimama mbele yenu kujibu alikuwa na uwezo wa kuzirudisha?