Nifundisheje mpangilio sahihi wa mwili katika mkao wa mbwa anayetazama chini?

Mwalimu Chipukizi (muulizaji)
Ndugu walimu, habari zenu. Ninafundisha yoga kwa watu wanaoanza kabisa, na mkao unaonisumbua kuliko yote ni ule wa mbwa anayetazama chini, yaani adho mukha svanasana, ambapo viganja na nyayo vipo sakafuni na makalio yameinuliwa juu. Kila ninapowaambia wanafunzi wanyooshe miguu na kushusha visigino, migongo yao hupinda na kutoka nundu, uzito wote huangukia viganja, na baada ya pumzi chache tu huanza kulalamikia vifundo vya mikono. Nikiwaambia washushe mabega yawe mbali na masikio, shingo ndiyo kwanza zinakakamaa. Je, nianze kurekebisha wapi? Na je, ni sahihi kuwagusa ili kuwaweka mahali panapotakiwa?

Nyonga Kwanza
Mwalimu mwenzangu, hapo wa kulaumiwa ni agizo, wala si wanafunzi. Misuli ya nyuma ya paja imejishikiza juu kwenye ile mifupa tunayoikalia, kisha ikavuka goti na kujishikiza kwenye mifupa ya mguu. Kwa hiyo mtu akiinama kutoka nyongani huku magoti yamenyooka, misuli hiyo huvutwa kutoka ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa imekaza, nayo hulivuta fupanyonga lisiweze kuinuka, na uti wa mgongo hauna budi kupinda. Ukiongeza amri ya kushusha visigino unaivuta na misuli ya shavu la mguu, ambayo nayo inavuka goti, na hapo umefunga mlango kabisa.

Waambie wakunje magoti, tena bila haya, waache visigino vikae juu, kisha wapeleke makalio juu na nyuma mpaka tumbo lisogelee mapaja. Mgongo ukisharefuka, wanyooshe mguu mmoja baada ya mwingine, polepole, na wasimame pale pale ambapo kiuno kinaanza kujikunja. Kisigino kisichogusa mkeka si kosa, kwani wapo ambao mifupa ya kifundo chao cha mguu hukutana mapema kwa mbele, na hawatafika chini hata wakifanya mazoezi maisha yao yote.

Angalia pia umbali kati ya mikono na miguu. Wanafunzi wengi hutembeza nyayo mbele kimyakimya ili visigino viguse chini. Mkao unakuwa mfupi, na viganja ndivyo vinavyolipa gharama. Waanzie kwenye mkao wa ubao, yaani mwili umenyooka ukiegemea viganja na vidole vya miguu, mabega yakiwa juu ya viganja, kisha wainue nyonga bila kuhamisha kiganja wala unyayo.

Mkono na Bega
Naafiki maelezo ya hapo juu, ila suala la shingo halijaguswa. Katika mkao huu mikono ipo juu ya kichwa, ingawa mwili umepinduliwa. Kati ya nyuzi 180 za kuinua mkono, takriban 60 hutokana na kombe la bega kuzunguka kuelekea juu. Ukimwamuru mtu alivute kombe hilo kuelekea kiunoni unampinga anayejaribu kukutii, naye atajikaza shingoni ili atimize mambo mawili yanayogongana. Mwambie aisukume sakafu, na mabega ayaache yasogelee masikio kadiri yanavyohitaji.

Baada ya hapo azungushe sehemu ya juu ya mkono kwa nje, na hapa ndipo macho yako yanatakiwa kuwa makali: bega likizunguka nje, kiganja hutaka kulifuata, na shina la kidole cha shahada hunyanyuka. Chuchumaa umtazame mkono kwa karibu. Ikiwa karatasi inaweza kupita chini ya shina hilo, uzito umekwisha kuhamia ukingo wa nje wa kifundo, na maumivu yanayolalamikiwa huenda yanaanzia hapo. Mwenye viwiko vinavyopinda kwa nyuma kupita kiasi avilegeze kidogo.

Mwalimu wa Jioni
Kuhusu kugusa, msimamo wangu ni mkali kidogo: omba ruhusa kila mara, na usimkandamize mtu kifua au mgongo kuelekea sakafuni, kwa kuwa uzito wako unaongezeka juu ya mabega ambayo tayari yamefika mwisho wa uwezo wake. Kuna haja gani ya kutumia nguvu wakati vifaa vipo? B. K. S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyefariki mwaka 2014, alieneza matumizi ya mikanda na matofali ya yoga kwa sababu hiyo hiyo ya kumfikisha mwanafunzi bila kumlazimisha. Asiyeweza kabisa aweke viganja ukutani kwa kimo cha nyonga, arudi nyuma hatua kadhaa, na ajifunze kurefusha mgongo akiwa hapo.

Waulize pia kuhusu afya zao kabla ya kuanza. Mwenye glakoma au shinikizo la damu lisilodhibitiwa asikae kichwa chini bila idhini ya daktari, maana mkao huu huongeza shinikizo ndani ya jicho.

Mwalimu Chipukizi
Nashukuru sana. Sasa yule ambaye kifundo cha mkono kinamuuma hata baada ya marekebisho hayo nimfanyie nini?

Mkono na Bega
Kunja ukingo wa mkeka, uweke mkunjo huo chini ya kitako cha kiganja ili vidole vielekee mteremko. Kifundo hakitakunjwa sana kwa nyuma. Isipotosha, ahamie kwenye vigasha, ingawa mkao huo unadai zaidi kutoka mabegani. Maumivu yakiendelea nje ya darasa, aonwe na daktari kabla hujamrudisha mkekani.