Tupeane uzoefu: kambare wa Sabaki, Jilore na malambo ya Malindi

Mada ni kambare wa maji baridi. Wenye kuvua mto Sabaki, maziwa ya Jilore na Chemchem, malambo ya mifugo na mashimo yaliyoachwa na wachimba murram, wekeni mnachojua: chambo, saa, mshipi, na yale yanayoharibika. Za samaki aliyeponyoka akiwa mkubwa kuliko mtumbwi tuziache barazani.

Wa Ganda

Anzeni na pumzi yake, kwa sababu mengine yote yanafuata hapo. Kambare ana matamvua kama samaki wengine, lakini juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kinachovuta hewa ya juu. Ndiyo maana lambo lililobaki tope, tilapia wakiwa wamekwisha kufa wote, yeye bado yumo. Kwa mvuvi hiyo ni faida, kwani lazima ajitokeze. Ukifika, kaa kimya robo saa kabla hujatupa kitu. Utamwona anapanda, anabugia hewa, mkia unapiga, kisha mapovu madogo yanabaki nyuma. Wakipanda mara tatu upande mmoja, keti upande huo. Lambo ambalo nusu saa yote halijatoa hata povu, hama.

Mashimo nayo hayafanani. Yaliyochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi hushika maji miezi mingi. Machimbo ya mawe ya matumbawe mara nyingi huvuja, maji hayakai, usipoteze jioni yako.

Mshipi uwe wa milimita 0.70 mpaka 0.90. Si kwamba kambare ana nguvu kama kolekole, la, ila akinaswa hujizungusha, hujivingirisha kwenye magugu na kuusugua mshipi kwenye visiki. Kwa sababu hiyo hiyo funga ile pete ya chuma inayogeuka kati ya mshipi na kipande cha ndoana; bila hiyo utapata kamba iliyosokotwa kama ukili. Ndoana iwe na mdomo unaoingia ncha ya kidole cha shahada. Chubwi, yaani kizito cha kuzamishia chambo, isifungwe, iachwe iteleze juu ya mshipi, na kutoka kwenye pete hadi ndoana pawe na shubiri moja na nusu hivi. Kambare hupapasa chakula kwa sharubu zake nane kabla hajameza. Akihisi uzito unamvuta, hutema. Lambo linataka chubwi ya gramu 20 hadi 30, na mto ukiwa na nguvu, 60 hata 100.

Kosa la wengi ni kunyakua mapema. Midonyoo miwili ya kwanza ni sharubu tu. Ngoja mpaka mshipi uende moja kwa moja bila kusita, ndipo uvute. Ukiwa na ndoana ya duara usinyakue kabisa, kaza tu, itajishika yenyewe pembeni mwa mdomo.

Wa Kakoneni

Kwenye chambo niongeze. Kambare hutafuta kwa harufu na kwa mguso zaidi ya macho, na maji ya Sabaki yakishuka mekundu kutoka bara hakuna anayeona chochote. Kwa hiyo chambo kinachonuka:

Matumbo ya kuku. Ni bora, lakini hulegea na kutoka. Yafunge na uzi wa kushonea mara nne tano kwenye shina la ndoana, ukiacha ncha nje.

Vichwa vya kamba (kamba wa kuliwa, sio wa kufungia mbuzi!). Kwa wauzaji wa kamba hupatikana bure au kwa bei ya bure. Viache kivulini siku moja vichachuke. Siku tatu ni nyingi, vinakuwa uji.

Sabuni ya kipande. Mgeni atacheka, ila inafanya kazi na haibebwi na vidagaa. Kata mchemraba wa sentimita mbili, ndoana ipite katikati. Chagua sabuni ngumu. Laini huyeyuka kabla ya nusu saa.

Minyoo hukamata wadogo zaidi. Kumbikumbi ni chambo cha siku moja au mbili tu mvua ya kwanza inaponyesha, na siku hizo usihangaike na kingine chochote.

Saa: kuanzia jua linapozama hadi saa nne usiku, halafu tena alfajiri. Mchana wa jua kali analala chini ya magugu. Mchana wa mawingu baada ya mvua ni mzuri kama usiku.

Mgeni wa Shela

Wakubwa, shikamooni. Nina mgono (mtego wa samaki) wa fito, nimeambiwa niuzamishe wote chini usiibiwe. Je, ni sawa?

Wa Ganda

Marahaba. La, usiuzamishe wote. Turudi palepale kwenye pumzi: kwenye lambo lenye maji mazito, kambare aliyefungiwa chini asiweze kupanda hufa maji, na asubuhi utatoa samaki aliyevimba, macho meupe. Acha upana wa kiganja wa mgono ubaki juu ya maji. Mdomo uelekee upande maji yanakokwenda, chambo kifungwe katikati ndani ya kitambaa chenye matundu, sio mlangoni, maana atakula amesimama nje kisha aondoke. Ukiogopa wezi, ufiche mgono kwa matete. Pipa la kubebea nalo ni vivyo hivyo, usilijaze hadi shingoni ukafunika. Kwa safari ya saa chache gunia lililoloweshwa linatosha. Ngozi isikauke tu.

Wa Kakoneni

Na msimu. Mvua za mwaka (masika), Aprili hadi Juni, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, mto ukipanda maji huingia Jilore na kufunika nyasi za kando. Usiku huo kambare huingia kwenye maji ya goti kutaga. Mayai hunata kwenye nyasi na huanguliwa kwa siku moja au moja na nusu. Kuwachoma kwa mikuki wakati huo ni rahisi mno, na ndiyo sababu wengine huona ni ujanja. Jike lenye tumbo la mayai lina maelfu kwa maelfu ndani. Liache lipite. Utupa na sumu nyingine yoyote ni marufuku kisheria, na lambo lililotiwa sumu ndilo hilo hilo ng'ombe wanalonywea maji.

Wa Mambrui

Kumshika: miiba miwili mikali iko kwenye mapezi ya kifuani, ina meno kama msumeno. Kidole gumba upande mmoja, cha shahada upande wa pili, nyuma ya miiba, kiganja juu ya kichwa. Utelezi ukizidi, tia jivu mkononi. Usimpige utosini, fuvu ni gumu kama kifuu. Piga pale kichwa kinapoungana na mgongo.

Mkivua mlangoni, Sabaki inapokutana na bahari, mtapata hongwe, samaki wa maji ya chumvi. Anafanana na kambare kwa sharubu tu. Mwiba wake una sumu, na upo hata mgongoni. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, nusu saa au zaidi, mwingine akuonjee joto kwa sababu mkono wenye maumivu hauhisi vizuri. Kisha hospitali, kipande cha mwiba hubaki ndani.

Mgeni wa Shela

Ahsanteni. Na harufu ya tope?

Wa Mambrui

Mweke hai siku mbili tatu kwenye maji safi bila chakula, ukibadilisha maji kila siku. Asipokuwa hai, msugue chumvi ya mawe mpaka ute utoke, suuza, toa uzi mwekundu wa damu ulio kando ya uti wa mgongo, kisha ndimu na chumvi nusu saa. Nazi inafunika mengi, lakini samaki wa shimo lililooza hata tui zito halimsaidii.

Wa Ganda

La mwisho halina mjadala. Jilore na Sabaki zina mamba na viboko. Keti hatua nne au tano kutoka ukingoni, usiingie majini kufungua mshipi ulionasa, ukate. Usipasue samaki kando ya maji na kuacha matumbo hapo. Usirudi mahali pale pale saa ile ile kila siku, mamba hujifunza. Njia pana iliyolimwa kwenye nyasi ni ya kiboko, akitoka usiku kula atapita hapo hapo, kwa hiyo kiti chako kisiwe katikati yake. Malambo kwa kawaida hayana viboko lakini yana konokono wa kichocho. Ukilazimika kuingia vaa buti za mpira, na ukiona damu kwenye mkojo nenda ukapimwe, usingoje iishe.