Naomba ushauri: tasnifu yangu ya uzamili katika masomo ya mazingira imekwama

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za wakati huu. Nasoma shahada ya uzamili ya masomo ya mazingira katika chuo kimoja hapa nchini. Masomo ya darasani nimemaliza na pendekezo la utafiti lilipitishwa, lakini tasnifu yangu kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji imesimama. Nilikwisha kupima viwanja 20 vya sampuli, nikihesabu michu na mikandaa (aina za mikoko) huku tope likinifika magotini, ndipo mafuriko ya Aprili 2024 yakang'oa vigingi vyangu vyote, likasalimika daftari tu kwa kuwa nililiacha kwa mwenyeji wangu. Msimamizi anataka nirudie upimaji wote, ilhali muda wa usajili unakwisha na ada ya nyongeza sina.

Je, naweza kuomba kubadili swali la utafiti, nikalinganisha takwimu za daftari hilo na picha za satelaiti za Landsat, ambazo hupatikana bure, au mtahini wa nje ataiona kazi kuwa pungufu? Aidha, barua ya kuahirisha masomo niiandike sasa, au nianze kwa mratibu wa uzamili? Sipendi msimamizi aone nimemruka.